Ngedere wa shambani hahitaji risasi ya nyati

Ukikaa na wenye bunduki za leseni huku Masasi na Nachingwea, kusini mwa Tanzania, utasikia imani moja ambayo hakuna anayeihoji: risasi nzito ndiyo risasi. Mtu ana raifo ya kaliba (yaani upana wa tundu la mtutu) .375, ngedere wanamalizia karanga zake, naye haoni shida kumtwanga mmoja kwa kichwa, ile sehemu ya risasi inayoruka, cha greini 300, yaani karibu gramu 19 na nusu. Kaliba hiyo ilitoka mwaka 1912 na mpaka leo ni ya nyati na tembo. Ngedere hafiki hata kilo kumi. Msimamo wangu ni kwamba kwa waharibifu wadogo wa mazao, kichwa chepesi ndicho chenye akili, ila sababu zangu si zile wanazotoa wawindaji wa ng'ambo.

Wenzetu wa Marekani, wengi wao hujitengenezea risasi wenyewe nyumbani. Wananunua maganda, fataki za kuwashia, baruti na vichwa, wanapima kwa mizani, wanafunga moja moja. Kwa koyote, mnyama wa kule anayefanana na mbweha, na wale panya wakubwa wa mashimo wanaoharibu malisho, hupendelea kaliba kama .223 au .22-250 na vichwa vya greini 40 hadi 55. Kichwa cha greini 55 ni gramu tatu na nusu tu, lakini .223 hukirusha kwa kasi inayokaribia mita 1,000 kwa sekunde, wakati kile cha greini 180 cha .30-06 hutoka kwa mita 820 hivi. Kinachokwenda kasi kinakuwa hakijashuka sana kinapofika mbali, na bunduki haikupigi bega kwa nguvu, kwa hiyo unaona ulipogonga. Gharama yake ni kwamba kichwa chepesi hupoteza kasi mapema na upepo hukisukuma zaidi. Wao mabishano yao yako hapo: kasi upande mmoja, upepo upande wa pili.

Huku kwetu mabishano hayo hayana kazi. Shamba la mikorosho halikupi mita 300 za kuona. Nyani utamwona kwa mita 50, labda 80 kama palizi imefanyika vizuri, na kwa umbali huo kusi ivume itakavyo, haikupotezei shabaha. Kinachonihusu mimi ni risasi inakwenda wapi baada ya kumgusa mnyama au kumkosa.

Kichwa chepesi cha waharibifu hutengenezwa kwa koti jembamba la shaba, ndani madini laini ya risasi, ncha ikiwa wazi au ya plastiki. Kikigusa mwili au udongo kwa kasi ile kinasambaratika vipande vidogo ambavyo haviendi mbali. Kichwa kizito chenye koti nene hutoboa nyani, kikatokea upande wa pili na bado kina nguvu ya kuua mtu. Kikigonga jiwe kinadunda, na hakuna ajuaye kitaelekea wapi. Anayeifahamu Masasi anajua nyani wake wanakaa wapi: kwenye vilima vya mawe vilivyozungukwa na mashamba na nyumba pande zote. Kule Newala na Tandahimba udongo ni wa kichanga na mawe ni ya kutafuta, lakini shamba limegusana na shamba, na kuanzia Oktoba kila baada ya mikorosho michache kuna mama ameinama anaokota, na mtoto pembeni anakula mabibo. Msimu huo ndio nyani nao wanayafuata mabibo. Mimi nikiambiwa mtu kafyatua .375 katikati ya mikorosho mwezi wa kumi na moja, namuuliza kwanza kama amehesabu watu.

Lakini wepesi wa kichwa usimlevye mtu. Hakisambaratiki hewani. Nyani akiwa juu ya mwembe na nyuma yake ni anga tupu, kichwa kilichomkosa kinaendelea na safari ya kilomita kadhaa, kiwe cha greini 40 au 300. Hapo hakuna risasi ya kuchagua. Unasubiri ashuke, udongo uwe nyuma yake.

Tena uzito peke yake hausemi kila kitu, na hapa ndipo wauzaji wanapotuchanganya. Kuna vichwa vya greini 55 vilivyofunikwa koti zima mpaka kwenye ncha, na hivyo havikutengenezwa kwa kazi ya kusambaratika. Ni vyepesi kwenye mizani, basi. Ukiambiwa "hii nyepesi, mzee", omba uione ncha, soma na maandishi ya kwenye boksi. Mtutu nao una neno lake. Mifereji ya ndani inayojisokota taratibu hupatana na vichwa vifupi vyepesi. Inayojisokota haraka imewekwa kwa vichwa virefu vizito, na kichwa cha koti jembamba kikizungushwa kupita kiasi kinaweza kupasuka kabla hakijafika kokote.

Kwa nguruwe pori yote niliyosema yanageuka. Nguruwe ana kilo 60, dume wengine wanapita 100, na bega lake ni mfupa na nyama iliyoshikana. Kichwa cha waharibifu wadogo kinaishia juu juu hapo, kinaacha jeraha baya lisiloua, na mnyama anaingia kichakani na hasira zake. Nani atamfuata saa nane usiku na tochi ya simu? Mikoa hii ina historia yake na nguruwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta simba wameua watu zaidi ya 560 nchini tangu 1990, Lindi ikiwa kati ya wilaya zilizoumia zaidi, na ukaonyesha kwamba mashambulizi yalizidi pale penye nguruwe wengi na wanyama wengine wachache. Watu walilala kwenye madungu kulinda mihogo na mahindi dhidi ya nguruwe, simba nao wakawafuata nguruwe hao hao. Kwa hiyo kwa nguruwe tumia kichwa cha wastani au kizito, kilichotengenezwa kupenya, na umpige mara moja afe pale pale.

Kuhusu kujitengenezea risasi nyumbani kama Wamarekani, sina mjadala mrefu. Silaha na risasi zina sheria yake ya mwaka 2015, na kutengeneza risasi bila kibali ni kosa. Hata kule inakoruhusiwa, uzito wa kichwa ukibadilika kipimo cha baruti kinabadilika, na watu hufuata majedwali ya watengenezaji, hawabahatishi. Sisi wa kubahatisha tunaye tayari: mwenye gobore, anayeshindilia baruti na vipande vya nondo kwa kukadiria kiganjani, halafu anashangaa mtutu ukimpasukia usoni. Na wanyamapori ni mali ya umma, kwa hiyo kabla ya kufyatua chochote, afisa wanyamapori wa wilaya awe anajua.

Uchaguzi wetu basi unafanyika dukani, na dukani mara nyingi unachukua kilichopo. Ndiyo maana, pamoja na kusifia vichwa vyepesi, sioni sababu ya mkulima wa mikorosho kununua raifo mpya kwa ajili ya ngedere. Wenye leseni wengi ninaowafahamu wana shotigani, na kwa mita 30 hivi shotigani inatosha kabisa: chembe zake zinaishiwa nguvu mapema sana kuliko kichwa chochote cha raifo. Mwenye .375 aiache kwenye kabati lake lenye kufuli, amwite jirani mwenye shotigani.