Games Workshop haikuanza na sanamu
Makala ninayoijibu hapa inadai kwamba Games Workshop, kampuni ya Uingereza ya michezo ya mezani, ilianzishwa ili kutengeneza sanamu ndogo za michezo ya vita, dai ambalo halilingani na historia yake. Ian Livingstone, Steve Jackson na John Peake walipoianzisha London mwaka 1975, walikuwa wakitengeneza mbao za michezo, zikiwemo za bao, kisha wakaanza kusambaza mchezo wa kuigiza wahusika uitwao Dungeons & Dragons. Sanamu zilikuja baadaye kupitia Citadel Miniatures, kampuni iliyoundwa pamoja na Bryan Ansell mjini Newark, Uingereza, na kwa maoni yangu Ansell ndiye aliyestahili kutajwa kwanza katika makala hiyo, kwa kuwa Warhammer, mchezo wa vita wa mwaka 1983 unaochezwa kwa sanamu hizo, ulibuniwa hasa ili wateja wapate sababu ya kununua sanamu nyingi zaidi za Citadel. Sanamu za enzi hiyo zilimiminwa kwa mchanganyiko wa metali wenye madini ya risasi ndani ya kalibu za mpira zilizozungushwa kwa kasi, na hata leo ukishika moja utaona ubavuni mshono mwembamba, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, ambao huna budi kuusugua kwa tupa kabla ya kupaka rangi. Je, wapo wasomaji waliozilinganisha na za plastiki za sasa?