Mzee Anaidai Kompyuta

Duka lenyewe ni la intaneti, mjini Tanga, na mwenye duka ni mama mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Bi Mkubwa. Kompyuta ya kaunta inatumia Ubuntu, ambayo ni aina ya mfumo wa Linux, na ndiyo inayohesabu dakika za wateja: shilingi 20 kila dakika. Mchana huo mwanafunzi aliingia kujaza fomu ya mkopo wa chuo, akakaa robo saa, akaambiwa alipe shilingi 3,900. Kijana hakubishana. Alikaa chini akaanza kulia.

"Fundi, njoo upesi," Bi Mkubwa akanipigia. "Kompyuta imekuwa jambazi."

Nilipofika nilimwamkia, akaitikia marahaba huku kidole kikionyesha kona ya kioo. Saa ya mkononi mwangu ilisema saa nane na dakika kumi mchana. Kompyuta ilisema 17:10. Yeye alishahukumu kuwa ni betri, kwa sababu kila fundi aliyewahi kupita hapo alimuuzia betri. Kweli mfukoni nilikuwa nayo, ile ya kifungo, CR2032. Lakini betri hiyo, inayotunza saa ya bodi kompyuta ikiwa imezimwa, ikifa, saa hurudi nyuma miaka mingi. Hairuki mbele masaa matatu kamili. Na ukanda wetu wa saa, ule wa Afrika Mashariki, uko masaa matatu mbele ya UTC, saa ya kulinganishia ya dunia nzima. Fundi akiiona hiyo tatu, haulizi betri. Anauliza nani amewasha Windows.

"Nani amewasha Windows?"

Kimya. Mpwa wake Bi Mkubwa, aliyeachiwa kaunta shangazi alipokwenda kuswali adhuhuri, ghafla aliona vumbi kwenye printa na kuanza kulifuta.

Mashine hiyo ina mifumo miwili, na saa ya bodi ni moja, kama wake wenza wenye jiko moja. Linux huiwekea saa ya UTC, kisha yenyewe huongeza masaa yetu matatu. Windows inaichukulia kuwa ni saa ya hapa hapa. Kwa hiyo mpwa alipoingia Windows kucheza mpira alikuta saa iko nyuma masaa matatu, naye kwa wema wake akaisahihisha kwa mkono. "Nilikuwa nasaidia, shangazi." Alipofungwa mabao ya kutosha akarudi Linux, ikasoma saa ile iliyosahihishwa, ikaongeza tatu juu yake. Dakika 15 za mwanafunzi zikawa 195.

Mwanafunzi akalipa shilingi 300 zake na kuruhusiwa kwenda. Mimi nikabaki na swali lililonikera zaidi: kwa nini Ubuntu haikujirekebisha? Itifaki ya NTP imekuwapo tangu 1985, na kazi yake ni hiyo tu, kuuliza seva za saa na kunyoosha mambo kimya kimya. Nikaandika timedatectl, amri ya kukagua saa: huduma imewashwa, saa haijalinganishwa. Kumbukumbu za timesyncd, programu inayoziuliza seva hizo, zilikuwa mstari ule ule ukijirudia, imeuliza na haikujibiwa. Tatizo lilikuwa kwenye ruta, kifaa kinachogawa intaneti dukani. Fundi aliyenitangulia aliambiwa azuie vijana kupakua filamu, akafunga kila kitu isipokuwa kurasa za wavuti. Poti 123 ya UDP, mlango wa NTP, ikafungwa pamoja na filamu.

Nikaifungua. Haikupita dakika, saa ikajirudi yenyewe masaa matatu, 14:20 juu ya alama. Nilikuwa najipongeza pale mzee wa kompyuta ya tatu aliposimama kutaka kulipa.

Mzee alikuwa ameingia wakati kompyuta inaamini ni 16:50. Sasa anatoka 14:20. Programu ikatoa hesabu yake bila haya: dakika −150, shilingi −3,000.

Alivaa miwani, akaisoma, akaisoma tena. "Bi Mkubwa, hapa naona ninakudai."

"Mzee wangu, hiyo ni hitilafu."

"Yule mtoto alipodaiwa hamkusema hitilafu, mlisema kompyuta haikosei. Mimi naiamini kompyuta."

Wateja wengine walimuunga mkono, na wawili wakauliza kama nao wanaweza kukaa kwa bei hiyo. Ilibidi soda ya baridi itolewe ndipo mzee akaondoka, akisema deni lake liko pale pale.

Nikaiwekea Windows mpangilio uitwao RealTimeIsUniversal kwenye rejista yake, daftari lake la mipangilio, ili nayo isome UTC, nikaaga. Sikukaa sana nikaitwa tena. Safari hii saa iko nyuma masaa sita, na Ubuntu inakataa masasisho kwa madai kwamba orodha yake haijaanza kutumika. Tangu kesi ya mzee, Bi Mkubwa alikuwa akiitazama ile saa kila mara, na haikumpendeza.

"Umeiacha inasema kumi na nne. Saa kumi na nne ni saa ya nani? Ilikuwa saa nane, nimeiwekea nane."

Alizima ulinganishaji, akaandika 8:00. Unamjibu nini? Ilikuwa saa nane kweli.

Nilingoja mteja wa mwisho aondoke, nikawasha NTP, kisha nikabadilisha ukanda wa saa kuwa Buenos Aires. Argentina iko masaa sita nyuma yetu, kwa hiyo saa nane mchana ya Tanga huko huandikwa 8:00 ya asubuhi, na ndani kabisa UTC haiguswi. Ukiweka mtindo wa masaa 12, AM inakuwa mchana na PM usiku. Tarehe tu ndiyo hubadilika saa kumi na mbili asubuhi, duka likiwa limefungwa. Bi Mkubwa aliridhika. Mpwa wake alifurahi zaidi, kwa sababu za Messi.

Ila risiti. Ukanda huo hauna kifupisho cha herufi, basi Linux huchapa tofauti yake na UTC. Mzee alikuja kuchapa barua, akapokea risiti yenye 08:25 AM na mbele yake −03. Miwani ikatoka.

"Afadhali mmeliandika wenyewe. Hasi tatu. Ni elfu hizo, siyo?"

Bi Mkubwa akanigeukia. "Fundi, mlipe mzee."