Kwa mvinyo wa Dodoma, Juni inaishinda Machi

Wengi wanaotoka Mwanza kwenda kuona viwanda vya mvinyo Dodoma huchagua Machi, mavuno yakiwa yamepamba moto. Kwa maoni yangu huo ndio mwezi wa kuukwepa. Zabibu lazima zikamuliwe mapema, maana zikilala juani zinapasuka na kuanza kuchacha kabla hazijafika tangini. Malori yako foleni getini. Nani atapata muda wa kukueleza kitu?

Juni mavuno makubwa yamepita na ya Agosti na Septemba hayajafika. Shambani vichala ni vya kijani, punje ngumu kama njegere. Kiwandani mvinyo wa Machi umetulia na mashapo yameshuka chini. Omba uonjeshwe kutoka tangini, usiishie kwenye chupa. Anza na mweupe, halafu mwekundu wa Makutupora, aina ya zabibu nyekundu za huko Dodoma, vidole viwili tu kwenye glasi, na usijipulize manukato siku hiyo. Ukisikia harufu ya mayai viza usikimbilie kukataa: mvinyo mchanga huwa hivyo chachu ikikosa lishe, na mara nyingi ukiuzungusha kwenye glasi harufu inapotea. Harufu ya siki ni jambo jingine. Hewa imeingia, na hakuna dawa.

Basi la alfajiri la Ijumaa kutoka stendi ya Nyegezi, Mwanza, hupita Shinyanga, Nzega na Singida, karibu kilomita 700, kwa hiyo hesabu siku nzima. Beba sweta, usiku wa Juni Dodoma una baridi kweli. Jumamosi kodi gari la kutwa, kwani Hombolo na Makutupora, yaliko mashamba ya zabibu, ziko mbali na katikati ya jiji. Piga simu mapema katikati ya wiki, la sivyo utamkuta mlinzi peke yake. Jumapili ni ya kurudi.

Kuna watakaokuuzia mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo ghafi ambao haujatiwa chupani, kwenye dumu. Bei yake inavutia, lakini dumu lililojaa nusu litafika Mwanza likielekea kuwa siki. Lijaze hadi shingoni, na ukifika tu ugawe kwenye chupa ndogo zilizojaa. Chupa za kiwandani zikae miguuni pako. Kwenye buti la basi joto huutanua mvinyo hadi kizibo kinasukumwa nje.

Nyumbani, mwekundu uupe nusu saa kwenye friji, kwa sababu joto la sebule za Mwanza limeuzidi. Mweupe wa zabibu za Chenin Blanc uache humo kwa muda wa saa tatu, utoke pamoja na sato wa kuchoma.