Shangazi Aliyewahi Feri

Kitu cha kwanza Shangazi alichofungasha kwa safari ya Lofoten kilikuwa kipepeo cha ukindu. Nilimpigia simu Pangani kutoka Oslo, nikamweleza kwamba visiwa vile viko kaskazini kabisa mwa Norwei, latitudo 68, na kwamba mwanzoni mwa Juni joto likijitahidi sana hufika nyuzi 10 au 12. Akaniuliza jua la huko linazama saa ngapi. Nikamwambia halizami. Tangu mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai linazunguka tu angani, usiku kucha liko juu ya bahari.

"Baba'ngu," akasema, "jua liwake usiku na mchana, halafu unidanganye kuna baridi? Huko hata mawe yameshaiva."

Mimi ni mtu wa ratiba. Ndege hadi Bodø, feri ya kuvuka Vestfjorden hadi Moskenes, kisha kibanda cha wavuvi kijijini Å, ambako barabara ya E10 inakoma kwa sababu nchi imekwisha. Vibanda hivyo huitwa rorbu, vyekundu, vimesimama majini kwa nguzo. Inasimuliwa kwamba vya kwanza alivijenga Mfalme Øystein huko Vågan mnamo mwaka 1120 ili wavuvi wasilale chini ya mashua zao. Nadhani mfalme akiiona bei ya leo atarudi kaburini kwa hiari yake. Feri ya kurudi niliiandika kwa wino mwekundu: saa moja ASUBUHI. Ratiba ile naitetea mpaka leo.

Suala la swala Shangazi alilimaliza mwenyewe kwa sheikh wake. Mahali jua lisikozama, wako wanaofuata mji wa karibu unaopata usiku, na wako wanaofuata Makka. Akachagua Makka, simu yake akaipanga iadhini kwa saa za huko. "Nikikosea," akasema, "nitakuwa nimekosea pamoja na watu wazuri."

Tulipofika Å, hakuitazama milima hata kidogo. Kilele kimechomoka baharini mzimamzima, watalii wanalia kwa uzuri, yeye macho yote kwenye samaki. Shangazi amefanya biashara ya ng'onda na papa maisha yake yote, na pale mbele yake palikuwa na chanja za miti ndefu kuliko msikiti wa Ijumaa, zimejaa samaki aina ya chewa wa bahari baridi (cod) wamefungwa mikia wawili wawili.

"Chumvi kiasi gani?"

Nikamwambia hakuna chumvi. Hawa wanatoka Bahari ya Barents kila majira ya baridi, wanakuja hapa kutaga mayai, wanavuliwa, wanatundikwa kuanzia Februari hadi Mei. Kwa kuwa kuna mkondo wa bahari wenye joto, baridi haizidi hadi ikawagandisha, na joto halizidi hadi wakaoza. Upepo ndio unaofanya kazi. Wengi huuzwa Italia, na vichwa vinakwenda Nigeria.

"Mlinzi yuko wapi?"

"Hakuna, Shangazi."

"Na paka?"

Sikuwa na jibu la paka. Basi saa nane ya usiku, jua likimpiga usoni, Shangazi alikuwa amekaa nje kwenye ndoo iliyofudikizwa, koti langu juu ya khanga mbili, anamsubiri paka.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Shangazi halali kukiwa na mwanga. Kwake, anayelala jua linawaka ana homa au ni mvivu, na sisi hatukuwa na homa. Nikivuta pazia, analifungua. Saa sita ya usiku anafagia. Saa tisa anafua, anaanika khanga jirani na vichwa vya samaki, na zikikauka zinanukia hivyo hivyo. Kusema kweli, saa zetu za Kiswahili zimetundikwa kwenye jua kama koti kwenye msumari: kumi na mbili limechomoza, kumi na mbili limezama. Mtu akiung'oa huo msumari, koti liko chini.

Siku ya mwisho mimi na binti yangu tulipanda Reinebringen, mlima wa mita 448 wenye ngazi za mawe zilizojengwa na mafundi Washerpa kutoka Nepal. Wale mafundi ni hodari, ila magoti yangu hayakuwahi kuishi Nepal. Tulirudi alasiri tukatambaa hadi kitandani, na Shangazi naye, baada ya kukesha muda wote ule, usingizi ukamkamata akiwa ameketi. Watu watatu, mkoromo mmoja.

Nilichosikia kilichofuata ni yowe.

"Alfajiri imetupita! Amkeni! Feri!"

Jua hilo kwenye dirisha. Saa ya ukutani: dakika ishirini kabla ya saa moja. Nikarukia chooni kutafuta miswaki, kwa hiyo sehemu hii nilisimuliwa baadaye. Binti yangu, mzaliwa wa Oslo, alishika simu yake akasema, "Bibi, ni jioni. Imeandikwa 18:40."

"Hakuna saa kumi na nane," Shangazi akamjibu. "Saa zinaishia kumi na mbili. Vaa viatu."

Kutoka Å hadi bandari ya Moskenes ni kilomita kama tano. Nje, jirani zetu walikuwa wanakula samaki wa kukaanga na viazi. Nikasema moyoni, wavuvi hawa wana kifungua kinywa cha nguvu. Mzee mmoja mwenye gari la kubebea samaki akatuonea huruma, akatupakia kati ya makreti, akaendesha mbio, na alipotushusha akatutakia jioni njema. Nikamwonea huruma. Mapema yote hii keshalewa.

Na feri ilikuwepo! Imefungua mdomo, inameza magari. Tulikimbia tukaingia, nyuma yetu mlango ukapanda. Shangazi akaketi dirishani, akafungua kipepeo chake kwa mara ya kwanza tangu afike Norwei, akajipepea kama bibi harusi.

Kusini mwa Moskenes kuna Moskstraumen, mkondo wa maji uliokuwa ukiwatisha mabaharia tangu zamani. Feri ikaanza kuyumba. Mimi nikaukumbatia mlingoti wa chuma. Shangazi, ambaye amezaliwa mdomoni mwa mto Pangani, akawa anakula biskuti zangu. Hata nusu saa haijapita, simu yake ikaadhini.

"Adhuhuri mapema hivi?" akaitoa mfukoni, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akanitazama. "Baba'ngu, Makka wanaswali Isha."

Kimya. Binti yangu akatazama dari.

Nikamwendea mfanyakazi wa feri nikamuuliza tutafika Bodø saa ngapi. Akasema hii inapitia kwanza kisiwa cha Værøy, inaendelea kisiwa cha Røst, na Bodø itafika usiku wa manane, kama tunaweza kuvumilia. Nikatazama tumbo langu. Hatukuweza.

Tukashuka Værøy, kisiwa chenye mlima mmoja na upepo wote uliobaki duniani. Mama mwenye nyumba ya wageni hakutushangaa hata kidogo. Nahisi hatukuwa wa kwanza. Akatupikia boknafisk, chewa aliyekaushwa nusu, kwa viazi na mafuta ya nguruwe, ambayo Shangazi aliyaweka pembeni kwa adabu. Kisha akatoa mfukoni pilipili mbuzi aliyosafiri nayo tangu Tanga, akaikatia juu ya samaki, akamwonjesha mwenyeji. Yule mama alilia machozi, akaomba nyingine. Saa sita ya usiku, juani, walikuwa wanabishana bei ya kilo moja ya samaki mkavu, mmoja kwa Kinorwei, mwingine kwa Kiswahili cha Pangani, na wote wawili wanaonekana wanaelewana kuliko mimi na benki yangu.

Asubuhi, ile ya kweli, feri yetu iling'oa nanga Moskenes bila sisi, na ndege ya Bodø ikaondoka na viti vitatu vitupu nilivyolipia. Nilikuwa napiga hesabu ya hasara pale Shangazi alipompigia Mjomba huko Pangani, akaweka spika ili nisikie.

"Waache waseme! Mimi sijachelewa chombo tangu nizaliwe," akamwambia. "Hii feri tumeikosa kwa kuwahi. Tulifika bandarini saa kumi na mbili kabla."

Mjomba akafikiri kidogo.

"Kumi na mbili ya asubuhi au ya jioni?"