Kuua kulungu ili kuzuia ugonjwa wa Lyme: hesabu ya nusu haitoshi

Katika mitaa ya makazi kaskazini-mashariki mwa Marekani, kila wagonjwa wa Lyme, ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na kupe, wanapoongezeka linazuka swali lile lile: kulungu wapunguzwe kwa bunduki, au waachwe?

Watetezi wa kulungu wana hoja ya kweli. Kulungu hawaambukizi kupe bakteria wa Lyme. Kupe huanguliwa bila bakteria hao, akawapata kwa kunyonya damu ya wanyama wadogo, hasa panya wa miguu myeupe. Baadaye, akiwa tunutu (kupe asiyepevuka) wa milimita moja hadi mbili, huuma watu bila kuonekana, zaidi kuanzia Mei hadi Julai.

Lakini kupe jike mpevu hushiba damu hasa kwa kulungu, kisha hutaga mayai kama 2,000. Kisiwani Monhegan, jimbo la Maine, kulungu wote waliondolewa kati ya 1996 na 1999, na kupe wakapungua sana miaka iliyofuata. Huko New Jersey walipunguzwa karibu nusu tu, na kupe hawakupungua, kwani kulungu waliobaki waliwatosha. Naona hapa ndipo mitaa mingi inapokosea: inaridhia uwindaji wa wastani, wanyama wanakufa, na wagonjwa wako pale pale. Kama mtaa hauwezi kufikia idadi ndogo sana na kuidumisha mwaka hadi mwaka, heri usianze.

Njia mbadala nazo zina kasoro. Vihori vya mahindi vyenye rola za permethrini, dawa ya kuua wadudu, huua kupe shingoni mwa kulungu, ila huwakusanya kulungu pahali pamoja, hatari kubwa palipo na ugonjwa wa prioni (protini zilizoharibika umbo) unaowadhoofisha hadi kufa. Kunyunyiza dawa uani mara moja kulipunguza kupe kwa asilimia 63 katika utafiti uliochapishwa 2016, lakini idadi ya wagonjwa katika kaya hizo haikupungua.

Kwa hiyo ukaguzi wa mwili kila jioni hauepukiki: kwapani, kinenani, nyuma ya magoti, kwenye nywele. Mshike kupe kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, uvute moja kwa moja bila kuzungusha. Usimpake mafuta wala kumchoma. Bakteria wa Lyme kwa kawaida huhitaji zaidi ya saa 24 kuhamia mwilini. Lakini virusi vya Powassan, vinavyoenezwa pia na kupe, vyaweza kupita ndani ya dakika 15. Kupe akiwa ameganda muda mrefu, muone daktari ndani ya saa 72 tangu umtoe, maana dozi moja ya kinga ya doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, hutolewa ndani ya muda huo.