Makanisa ya Buffalo: paa alipie nani?

Mwaka 1950 mji wa Buffalo, jimbo la New York, ulishuhudia jengo la ofisi za kampuni ya Larkin likibomolewa. Lilikuwa kazi ya Frank Lloyd Wright, lilikamilika mwaka 1906, na wasanifu wa Ulaya walilijua kwa picha na michoro kabla hawajakanyaga Marekani. Aliyelinunua kwa dola 5,000 alisema atajenga kituo cha malori. Hakikujengwa. Tangu hapo, kila anayetaka kuangusha jengo la zamani mjini humo hutajiwa Larkin, na mara nyingi jina hilo peke yake hutosha kumnyamazisha. Ila Larkin ilikuwa ofisi ya kampuni iliyofilisika. Ubishi wa leo ni juu ya makanisa yanayofungwa, kama yabomolewe, yauzwe au yahifadhiwe, na kanisa lina mwenye nyumba, dayosisi ya Kikatoliki, ambaye bado yupo, ana deni, na anadai majengo yanamfilisi.

Ili kuelewa kwa nini Buffalo ina makanisa mengi hivyo, lazima uanze na nafaka na chuma. Mfereji wa Erie, uliounganisha Ziwa Erie na mto unaoelekea bandari ya New York, ulifunguliwa mwaka 1825, ngano ya nyanda za magharibi ikawa inashushwa Buffalo, na mwaka 1900 mji huo ulikuwa wa nane kwa idadi ya watu Marekani nzima. Vikaja viwanda vya chuma vya Lackawanna, pembeni mwa mji, na kwa kazi hizo zote, za nafaka na za chuma, wakaja kwa nyakati tofauti Wajerumani, Wairishi, Wapolandi na Waitaliano. Kila kabila lilitaka kuungama kwa lugha yake. Mpolandi hakwenda kwa padri Mjerumani hata kama kanisa la Mjerumani lilikuwa mtaa wa pili. Ndiyo maana upande wa mashariki wa Buffalo minara mikubwa inasimama karibu karibu, na mingi ni ya Wakatoliki wale wale. Hata siku zile mji ulipofurika watu, makanisa yalikuwa mengi kuliko mahitaji ya ibada. Watetezi wa kuhifadhi majengo ya zamani hawapendi kulisema hili, lakini ndilo chimbuko la tatizo.

Kisha watu wakaondoka. Mwaka 1950 Buffalo ilikuwa na wakazi 580,000 hivi. Njia ya meli ya St. Lawrence ilipofunguliwa mwaka 1959, shehena za nafaka ziliweza kwenda baharini bila kushushwa Buffalo. Mwaka 1983 kampuni ya Bethlehem Steel ikaacha kuyeyusha chuma Lackawanna. Sensa ya mwaka 2010 ilikuta watu 261,000. Watoto wa Wapolandi walikuwa wamehamia vitongojini, wamejenga parokia mpya zenye maegesho ya magari, na kule kwa babu zao wakawa wanarudi Pasaka na mazishini.

Walichokiacha nyuma si majengo ya kawaida. Chukua Blessed Trinity, lililojengwa kati ya mwaka 1923 na 1928 kwenye Leroy Avenue kwa mtindo wa Kiromani wa Lombardia, kaskazini mwa Italia: matofali yaliyofinyangwa kwa mkono, na juu yake mapambo ya udongo wa kuchoma wenye rangi, yamejaa alama za imani kutoka mlangoni hadi kubani. Au nenda Lackawanna, kwenye basilika ya Our Lady of Victory iliyowekwa wakfu mwaka 1926, ambayo padri Nelson Baker aliijenga kwa michango iliyokuja kwa posta kutoka sehemu nyingi za nchi. Msomaji aliyewahi kuchangia mabati ya kanisa kwa bahasha atawaelewa hao waliotoa. Walikuwa wafua chuma, wafua nguo na watumishi wa majumbani, waliokuwa wakikaa nyumba za mbao za kubanana, na jengo zuri pekee waliloweza kuliita lao lilikuwa kanisa.

Sasa sikiliza upande wa dayosisi, kwa sababu mara nyingi hausikilizwi kwa haki. Kanisa la namna hiyo lina hewa nyingi ya kupasha joto, na Buffalo inapigwa na theluji inayotoka Ziwa Erie. Maji yanaingia kwenye ufa, yanaganda usiku, yanatanuka, yanaupanua ufa. Mchana yanayeyuka, na kesho yake kazi inaendelea pale ilipoachwa. Mapambo ya udongo wa kuchoma yameshikiliwa na vyuma ndani ya ukuta, na vyuma vikipata kutu huvimba na kupasua kile kile vilichowekwa kukishika. Mifereji ya shaba huibwa. Fundi wa kurekebisha kioo cha rangi si fundi wa kuokota mtaani. Parokia yenye waumini wachache, wengi wao wazee, haiwezi kubeba mzigo huo kwa sadaka ya Jumapili.

Tena Buffalo yenyewe ina mfano unaouma. Kanisa kuu jipya la Mtakatifu Yosefu lilifunguliwa kwenye Delaware Avenue mwaka 1915, limevikwa marumaru kutoka Italia. Marumaru ile haikuiweza baridi ya Buffalo. Matengenezo hayakwisha, minara ilishushwa mapema, na katika miaka ya 1970 jengo zima likabomolewa, askofu akarudi kwenye kanisa kuu la zamani la karne ya 19. Kwa hiyo anayesema kila kilichojengwa na wazee kilijengwa kudumu anasema asichokijua. Wapo wazee waliojenga vibaya.

Hata hivyo hoja ya gharama haisimami peke yake siku hizi, na hapa ndipo mvutano ulipopata uchungu. Mwaka 2019 sheria mpya ya New York iliwafungulia mlango wa mahakama watu walionajisiwa utotoni, hata kama muda wa kawaida wa kushtaki ulikuwa umepita. Madai dhidi ya dayosisi ya Buffalo yalifika mamia, na Februari 2020 ikaomba ulinzi wa mahakama ya wafilisi. Mwaka 2024 ikatangaza mpango mkubwa wa kuunganisha na kufunga parokia. Mwaka 2025 ikatangaza makubaliano ya kuwalipa waathirika dola milioni 150, na parokia zikatakiwa zitoe fungu lao.

Waathirika wanastahili kulipwa, na sitaki kumsikia mtu akisema kioo cha rangi ni muhimu kuliko wao. Lakini muumini wa parokia naye ana swali la haki: senti za bibi yangu zilijenga kanisa hili, kwa nini liuzwe kulipia dhambi za padri ambaye hakuwahi hata kuhudumu hapa? Chini ya sheria ya New York, kila parokia ya Kikatoliki ni shirika linalojitegemea lenye wadhamini watano: askofu, makamu wake, paroko na walei wawili. Kwenye karatasi, mali ni ya parokia. Kwa kura, wenye madaraka ni watatu dhidi ya wawili. Baadhi ya parokia zilikata rufaa Vatikani, nyingine zikaenda mahakamani, na sioni ajabu. Dayosisi inaposema "kanisa ni watu, si jengo", teolojia yake ni sahihi, ila inasemwa na upande unaolihesabu jengo hilo hilo kama mali ya kulipia deni.

Kwa upande wa wahifadhi, udhaifu wao ni mwingine. Silaha yao kubwa ni kulisajili jengo kama urithi wa mji ili lisibomolewe bila kibali. Sheria hiyo inakataza, haitengenezi. Haizibi paa. Kwa kanisa ina ugumu zaidi, maana sheria ya shirikisho ya mwaka 2000 inazizuia mamlaka za mipango miji kuielemea ibada bila sababu nzito. Na hata jengo lisilo la ibada linaweza kuponyoka: ghala la nafaka la Great Northern, la mwaka 1897, lilikuwa limelindwa kisheria, lakini Desemba 2021 upepo uliangusha ukuta wake mmoja, mwenye mali akaomba kibali cha dharura, kesi zikapiganwa, na mwishowe likabomolewa. Mwenye jengo asiyelitaka ana mwenza mmoja mwaminifu, nao ni mvua. Anachohitaji ni kusubiri tu.

Fedha za umma je? Serikali ya Marekani hutoa punguzo la kodi la asilimia 20 ya gharama za kukarabati jengo la kihistoria, lakini sharti jengo liwe la kuingiza kipato, na parokia isiyolipa kodi haina kodi ya kupunguziwa. Ruzuku za moja kwa moja nazo zina mgogoro wake. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya New Jersey, jimbo jirani, iliamua kwamba katiba ya jimbo hilo hairuhusu fedha za walipa kodi kukarabati makanisa. Binafsi naona uamuzi huo una mantiki. Asiye na dini hapaswi kulipia altare.

Kilichoyaokoa makanisa ya Buffalo mara nyingi ni watu wapya waliokuwa na haja nayo. Queen of Peace, lililojengwa na Wapolandi kwenye Genesee Street, sasa ni msikiti wa Jami. St. Agnes, mtaa wa Lovejoy, limekuwa hekalu la Wabuddha. Kanisa la zamani la Wamethodisti kwenye Delaware Avenue, lililokuwa limekaribia kubomolewa, ni ukumbi wa muziki. St. Ann, jengo la Wajerumani la karne ya 19, lilifungwa na dayosisi ikataka kulibomoa. Rufaa ya waumini ikafika Vatikani, kanisa likabaki limesimama, na mwaka 2022 likauzwa kwa Waislamu waliokusudia kulifanya msikiti. Sheria ya Kanisa inaruhusu jengo lililoondolewa utakatifu litumike kwa kazi nyingine, mradi isiwe ya aibu. Wapo Wakatoliki wanaolia wakiona msalaba umeshushwa mnarani, na machozi yao siyadharau. Ila mtu akisujudu pale mara tano kwa siku, angalau atajua paa likianza kuvuja.

Wasomaji wa Kiswahili wasiidhanie hii kuwa habari ya mbali sana. Buffalo imewapokea wakimbizi wengi, wakiwemo Wakongo, Warundi na Wasomali, na Kiswahili kinasikika mitaani kwake. Sensa ya mwaka 2020 ilionyesha idadi ya wakazi imepanda kwa mara ya kwanza baada ya miaka 70, na wahamiaji ni sehemu kubwa ya sababu. Hawa ndio hali yao inafanana zaidi na ya Wapolandi wa mwaka 1900: wana imani, wana watoto, hawana mtaji. Dayosisi inayouza kwa mnunuzi wa bei ya juu itawapita. Mji unaotoza masharti ya urithi bila kusaidia gharama utawakimbiza.

Ningekuwa na kura, ningekubali baadhi ya minara ianguke. Kanisa la kawaida la karne ya 19 lisilo na mtumiaji, lenye ukuta uliopinda, na lenye mwenzake bora mitaa miwili mbele, lisiendelee kumeza fedha kwa sababu tu Larkin ilibomolewa mwaka 1950. Lakini Blessed Trinity lisiguswe, kwa sababu matofali yale na udongo ule hakuna atakayeyatengeneza tena. Na yaliyo katikati ya hayo mawili yatangazwe kuuzwa mapema, paa likiwa zima, kwanza kwa yeyote atakayekusanya watu ndani yake, hata kama bei yake ni ya chini. Uuzaji wa mali ya shirika la dini New York tayari unahitaji idhini ya mahakama au ya mwanasheria mkuu wa jimbo. Masharti ya namna hiyo yana pa kuandikwa.