Walker, Fuller na Tucker: Jina la Kazi Linashuhudia Nini?

Majina ya ukoo ya Kiingereza Walker, Fuller na Tucker yana asili moja, nayo ni kazi ambayo leo wengi hawaijui kabisa. Kitambaa cha sufu kilipotoka kwa mfumaji kilikuwa kimelegea, kimejaa mafuta, na nyuzi zake zilionekana moja moja. Kilitumbukizwa katika birika lenye maji, mkojo uliochacha na udongo wa kunyonya mafuta, kisha watu wakaingia humo miguu mitupu na kukikanyaga kwa saa nyingi, mpaka kikasinyaa na nyuzi zikashikamana. Baadaye kilitandazwa kwenye fremu za mbao na kuvutwa kwa kulabu ili kikauke kikiwa kimenyooka. Aliyefanya kazi hiyo kaskazini mwa Uingereza aliitwa Walker, yaani mkanyagaji. Kusini-mashariki akaitwa Fuller. Kusini-magharibi, hasa Devon, akaitwa Tucker.

Watafutaji wengi wa nasaba hushika jina la namna hii kama hati: mtu akiitwa Walker, basi babu yake alikanyaga nguo. Wengine husema jina ni alama tu, halithibitishi lolote. Kila upande una lake la kweli, ingawa mizani hailali sawa.

Wa kwanza wana hoja nzito. Mwanzoni maneno hayo hayakuwa majina ya ukoo. Katika karne ya 13 majina ya ubatizo yaliyotumika sana yalikuwa machache, na kijiji kimoja kingeweza kuwa na kina John kadhaa. Karani wa kodi au wa mahakama ya kabaila alilazimika kuonyesha ni John yupi, na akaandika kile ambacho majirani wote walikijua: baba wa mtu, makazi yake, umbo lake au kazi yake. Ndiyo maana Smith, yaani mhunzi, limeenea mno ilhali wakulima ndio waliokuwa wengi. Katika kijiji cha wakulima, kumwita mtu mkulima hakumtofautishi na yeyote. Aliyeitwa mkanyaga nguo kwa mara ya kwanza, basi, aliitwa hivyo kwa sababu majirani walimwona akizikanyaga. Isitoshe, sensa ya 1881, iliyofanywa karne nyingi baadaye, bado inaonyesha kina Tucker wamejaa Devon na kina Walker wamejaa Yorkshire, jimbo la kaskazini.

Tatizo linaanza pale maelezo yalipogeuka urithi. Orodha za kodi ya kichwa ya 1379 za West Riding, yaani sehemu ya magharibi ya Yorkshire, mara nyingi zinataja jina la mlipaji pamoja na kazi yake, na mambo hayo mawili hayalingani kila mara. Wakati huo, kwa baadhi ya watu, jina lilikuwa tayari limetengana na kazi.

Kazi yenyewe nayo ilikuwa imebadilika. Kumbukumbu za mwaka 1185 za mali za mashujaa wa Hekalu (Knights Templar), shirika la kidini la wapiganaji wa Vita vya Msalaba, zinataja vinu vya maji ambamo nyundo za mbao zilipiga kitambaa badala ya miguu ya watu. Mwaka 1941 mwanahistoria Eleonora Carus-Wilson aliuita uenezi wa vinu hivyo mapinduzi ya viwanda ya karne ya 13. Wanahistoria waliomfuata walibishana naye juu ya uzito wake, lakini si juu ya kuwapo kwake. Kwa hiyo huenda baadhi ya kina Walker wa mwanzo walisimamia kinu tu, wala hawakulowa miguu.

Ushahidi ulionishawishi zaidi ni wa vinasaba. Mwaka 2009 Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walilinganisha kromosomu Y, ambayo hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, miongoni mwa wanaume wenye jina moja la ukoo. Wenye majina adimu mara nyingi walionekana kutoka kwa babu mmoja. Kina Smith hawakuwa na uhusiano wa damu zaidi ya watu waliookotwa popote, kwa sababu jina lao lilizaliwa upya katika vijiji vingi. Jina kama Walker lilizaliwa kwa njia hiyohiyo.

Tena jina huvuka damu. Sarah Breedlove, aliyezaliwa Louisiana mwaka 1867, alikuja kuwa Madam C. J. Walker, mfanyabiashara mashuhuri wa vipodozi vya nywele, kwa kuolewa na Charles Joseph Walker. Wamarekani weusi wengi wenye jina hilo wamelipata kupitia historia ya utumwa, si kupitia birika la sufu.

Kwa maoni yangu, jina la kazi ni shahidi mzuri wa eneo na ufundi wake, lakini ni shahidi dhaifu wa mtu mmoja mmoja. Anayetaka babu halisi hana budi kuanzia kwake mwenyewe na kurudi nyuma, kizazi kwa kizazi, hadi vitabu vya parokia vya ubatizo, ndoa na maziko, vilivyoamriwa na Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, mwaka 1538. Kati ya vitabu hivyo na orodha za 1379 kuna pengo la zaidi ya miaka 150, na hapo ndipo nasaba nyingi za watu wa kawaida hukatika. Mwenye bahati ni yule ambaye kumbukumbu za mahakama ya kabaila wa kijiji chake zimesalia, kwa kuwa shamba lilipohama kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, karani aliwaandika wote wawili.